Batri ya Bibi na Pasi Yangu

Nasra mwanangu,

Jana ulipoziweka zile batri mbili juu ya meza ya sebuleni na kuniuliza, "Mama, ya kambi nichukue ipi?" nilikujibu umuulize baba yako, kisha nikaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Niligeuka mlangoni nikakuona. Ulizishusha moja moja, ukazisukuma chini ya meza taratibu, kama mtu aliyetaja jambo lisilotajwa msibani.

Hukukosea kitu. Kesho unapanda kwenye msitu wa Kibira na wenzako wa utafiti wa sokwe, mtalala kwenye mahema, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuchagua batri itakayowasha vitu vya kambi. Ungeweza kuchagua mwenyewe, umesomea. Nadhani uliniuliza kwa sababu binti akiondoka nyumbani anapenda mama yake awe amegusa kidogo kile anachokibeba. Na mama yako akakimbia. Nimekuwa na aibu tangu jana, na aibu hiyo haikuanza jana.

Basi nimekaa hapa kwenye cherehani, nimesogeza vitambaa pembeni. Jua linashuka upande wa milima ya Kongo na wewe uko Kamenge kumuaga shangazi yako. Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kusali kwa wakati, sitayaandika. Umeyasikia hadi umeyachoka. Nitaandika juu ya batri yetu, ile ya Bibi. Siku ile uliona mengi, lakini uliyaona kutoka pale ulipokuwa umesimama. Nataka uyajue kutoka pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Unakumbuka Bibi alivyokuja kukaa kwetu Ngagara. Mapafu yake yalikuwa yamechoka kwa moshi wa miaka yote aliyokaanga mandazi na samaki wadogo wa ndagala kando ya barabara, akiwalea baba yako na baba yako mdogo Juma peke yake. Daktari alisema hawezi tena bila hewa ya mashine, na Juma akaituma kutoka Ubelgiji, lile sanduku jeupe lililokuwa linakoroma chumbani mchana na usiku. Mpira mwembamba ulitoka kwenye sanduku, ukazunguka mguu wa kitanda, ukaishia puani mwake. Umeme ukikatika mashine ililia, na sisi wote tulikuwa tunasimama tulipo, hata aliyekuwa na tonge mkononi.

Ndipo Juma akatuma pesa ya batri. Ulikuwa umekaa pembeni yangu alipopiga simu. Alisema, "Shemeji, iyi ni ya mashine ya Mama. Mutafute nzuri, umeme ikienda asikose hewa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa nitakuambia kitu ambacho mtoto haambiwi juu ya mama yake na bibi yake, lakini bila hicho hutanielewa. Mimi na Bibi tuliishi vizuri kwa macho ya watu. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimgeuza kitandani. Lakini nilivifanya kama karani anayepiga muhuri, mradi kazi iishe. Alikuwa na tabia moja. Nikimaliza kushona nguo, aliiomba aione, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, akairudisha bila kusema neno. Hakusema ni mbaya wala nzuri. Miaka yote ile nilikisikia kimya chake kama tusi. Nilijiambia, huyu mama hajawahi kunikubali, hata nishone nguo ya malaika.

Tulikwenda dukani pamoja, wewe na mimi, kule karibu na maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, hatua chache kutoka depo ambako baba yako anatengeneza malori. Muuzaji alituuliza, "Ni ya kuwasha nini, mama?"

"Ya nyumbani," nikasema.

Wewe ukaongeza, "Ni ya mashine ya hewa ya mugonjwa."

Akaenda nyuma, akarudi akiwa ameikumbatia ile nyeusi. Unaikumbuka, ilikuwa kama kipande cha injini, haina taa, haina mapambo, na kioo chake cha namba kilikuwa kidogo. Akasema, "Iyi ni nzito na aipendezi, lakini imebeba mingi. Mashine yake itaenda nayo masaa."

Mimi macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye ile ya rangi ya chungwa. Ilikuwa na mpini mzuri, taa ubavuni, prizi mbili za kuchomekea waya mbele, na ubavuni wameandika 1000 kwa namba kubwa. Nikauliza swali moja tu. Miezi mingi nimejaribu kukumbuka kama niliuliza na jingine, na sikumbuki. Nilisema, "Na iyi, inawasha pasi?"

"Pasi inawasha. Ile nyeusi, ukiweka pasi itajizima, aiwezi kusukuma kitu kikubwa ivyo."

"Basi yenye nguvu ni iyi."

Yule kijana alikuwa mvumilivu. Aliigeuza chini juu akanionyesha maandishi madogo. "Mama, nguvu ni kitu kimoja, akiba ni kitu kingine. Iyi elfu moja ni nguvu, ni wati inayoweza kutoa kwa mara moja. Akiba yake ni iyi hapa, wati-saa mia tano. Tumbo yake ni ndogo. Mashine ya mugonjwa itaimaliza kwa saa moja na kitu. Ile nyeusi nguvu yake ni kidogo, lakini akiba ni mara mbili ya iyi na zaidi."

Nawe ukanishika mkono. "Mama, mashine ya Bibi aihitaji nguvu. Inahitaji muda."

Nilikujibu mbele yake, "We umeanza lini kununulia watu vitu? Nyamaza."

Uliniachia mkono, ukatazama barabarani. Muuzaji alijifanya anatafuta karatasi.

Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa na sura ya ukweli, ndiyo maana zilinidanganya vizuri. Umeme ukikatika kazi yangu ilikuwa inalala. Pasi ya mkaa ilikuwa imeniunguzia kitambaa cha mteja, cheche moja tu, na yule mteja hakurudi. Nilijiambia, tukiwa na batri inayowasha pasi nitafanya kazi kila siku, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha Bibi. Nilijiambia umeme haukatiki muda mrefu, saa moja inatosha. Juma alitaka hewa ya mama yake, mimi nikainunulia pasi yangu batri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nilijua hivyo tangu dukani.

Baba yako aliisifia ile ya chungwa. Aliiwasha taa ya ubavuni, akaizima, akaiwasha tena kama mtoto. Alisema, "Mama Nasra anajua kuchagua." Bibi aliomba aiguse, akapitisha kidole gumba kwenye mpini, akanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya harusi ya binti wa Mama Belyse, yule jirani wa nyumba ya kona. Nilikuwa nimewashonea wasindikizaji wa bibi harusi imvutano zao, zile nguo za sherehe za rangi ya zambarau zenye nyuzi za dhahabu, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Zilikuwa tayari, zilibaki kupigwa pasi tu. Umeme ukakatika mchana. Nikaiunganisha mashine ya Bibi kwenye batri, ikakoroma kama kawaida, nikatulia.

Mama Belyse akaingia, gari lake liko nje na mlango wa nyuma umeachwa wazi. "Mama Nasra, watoto wananingoja. Wako na nguo za ndani tu."

Nilimwonyesha zilivyokunjamana. Akaketi kwenye kiti hiki hiki, akaweka mkoba mapajani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa nitazipeleka ivi mbele ya wakwe?"

Nikachomeka pasi kwenye prizi ya pili ya batri. Batri ilijizima papo hapo, na kule chumbani mashine ikaanza kulia. Vitu viwili pamoja vilikuwa vimeishinda. Nikaiwasha upya, mashine ikarudi. Nikasimama pale na waya wa pasi mkononi.

Kisha nikaingia chumbani. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Daktari alishatuambia kwamba anaweza kukaa bila mashine kidogo, kama wakati wa kuoga. Nilijirudia neno hilo, kidogo. Nikainama, nikaizima mashine kwa swichi yake yenyewe, na baada ya hapo ndipo nikachomoa waya nikaichukua batri.

Nasra, unajua kwa nini nilianza na swichi. Mashine ikikatiwa umeme inalia. Ikizimwa kwa swichi yake hailii. Sikuwa nimechanganyikiwa, wala mkono haukuteleza. Kuna sehemu yangu iliyofikiri vizuri kabisa, ikapanga lipi litangulie, ili chumba kibaki kimya na mteja asiulize.

Nguo moja tu, nilisema. Ya kwanza ilitoka nzuri mno. Ya pili ilikuwa imeshaanza kulowa maji ya kunyunyizia. Mama Belyse alikuwa anasimulia habari za wakwe na za chakula, na mimi nilicheka mahali pa kucheka. Kioo cha batri kilikuwa kinashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Nilikiona. Kila nikimaliza moja nilikitazama, na kila mara niliona kwamba imebaki kiasi, nikachukua nyingine.

Niliporudi chumbani na batri, Bibi alikuwa macho. Hakuwa analia wala kuita. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mkono wake mmoja umeshika mpira wa puani kama anauzuia usiende. Nikachomeka, mashine ikakoroma. Ilikoroma kidogo tu, kile kioo kikapepesa, na batri ikazima.

Wewe ulifika hapo, unatoka masomoni, mkoba begani. Ulitazama waya, ukatazama pasi iliyokuwa bado inatoa mvuke juu ya meza, ukatazama uso wangu. Halafu ukampandisha Bibi kwa kumshika makwapani, ukasema, "Mama, gari."

Tulimweka kwenye gari la Mama Belyse, katikati ya zile nguo za zambarau, kichwa chake mapajani mwako. Nyuzi za dhahabu zilimshika kwenye nywele. Mama Belyse aliendesha hadi hospitali ya Kamenge bila kutaja harusi hata mara moja, na alipokwisha kutushusha alikaa kwanza kuhakikisha wamempokea. Yule mama sikuwahi kumwambia ni nini alichokuwa anakingoja pale kitini.

Walipomwekea hewa, daktari alituuliza, "Alikaa bila mashine muda gani?" Ulinitazama. Nikasema, "Umeme ulikatika." Ulikuwa umekatika kweli. Nililichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa la kweli.

Baba yako akaja kutoka depo na mafuta ya gari mikononi, shangazi yako akaja, majirani wawili wakaja. Bibi alikuwa ameanza kurudisha rangi. Baba yako akauliza kile ambacho kila mtu angeuliza. "Na batri? Batri ilinunuliwa ya nini kama si ya leo?"

Nilifungua mdomo. Nataka uamini hilo, ingawa sina haki ya kuaminiwa, kwamba nilikuwa nimefungua mdomo. Bibi akasogeza kile kifuniko cha hewa usoni mwake. Alisema polepole, "Ni mi niliizima. Kelele yake inanichosha kichwa."

Na baba yako, kwa ile hofu aliyokuwa nayo, alimgombeza. Unakumbuka. Mbele ya majirani. "Mama, we ni mutoto? Juma anatuma vitu kutoka mbali, muke yangu anahangaika na we kila siku, na we unazima?" Bibi akasema, "Unisamehe, Hamadi." Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika beseni lisilo na kitu ndani.

Nikakufuata nje kwenye baraza. Ulikuwa umeegemea ukuta. Nilikuambia, "Baba yako amechoka. Tuache ivyo Bibi alivyosema." Ukajibu, "Sawa, Mama."

Neno lako hilo ndilo lililonitesa zaidi ya yote. Tangu utotoni hukuwahi kumficha baba yako kitu. Ulivunja glasi, ulimpelekea vipande. Ulianguka mtihani, ulimsubiri mlangoni umwambie kabla hajavua viatu. Mimi ndiye niliyekufundisha kumficha, kwenye baraza ya hospitali, kwa sauti ya chini, nikatumia uchovu wake kama sababu. Tangu hapo umekuwa ukijibu maswali yake kwa maneno machache. Yeye anadhani ni utu uzima.

Bibi aliporudi nyumbani ulihamisha vitabu vyako chumbani kwake. Umeme ukikatika ulikaa sakafuni kati ya batri na mlango. Hukusema unalinda nini. Mimi nilikuwa napita na ndoo, nakuona, naendelea na njia yangu. Juma alipopiga simu kuuliza kama batri inafaa nilisema inafaa.

Siku moja nilikuwa namwogesha. Ulikuwa umekwenda masomoni, na nilikuwa nimejipanga maneno tangu alfajiri. Nikaanza, "Mama, ile siku ya harusi..."

Hakuniacha nimalize. Aliuliza, "Nguo zilipendeza?"

"Zilipendeza."

"Nilijua. Mikono yako inashona mushono umenyooka, mi ata nikitafuta kosa na kidole siipate." Akatulia apumue. "Nimeuza barabarani miaka mingi, we mutoto. Muteja akisimama mbele yako na wewe aujamaliza, unakuwa kama mwenda wazimu. Nilimuacha Hamadi na homa ndani ya nyumba nikienda kukaanga. Alipona, Mungu alisaidia. Nimwagie maji, nasikia baridi."

Nikamwagia maji. Sikumalizia msamaha wangu. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, nami nikatoka, haraka, kwa sababu ulikuwa wazi. Miaka yote nilidhani kidole chake kinanidharau, kumbe kilikuwa kinatafuta kosa na hakilioni. Nilikaa jikoni nikalia kwa aibu, na nilipomaliza kulia niliona kwamba hata machozi yale nilikuwa najililia mwenyewe.

Alipokufa, miezi baadaye, umeme ulikuwepo na mashine ilikuwa inakoroma. Hakufa kwa ajili ya pasi. Nilimuuliza daktari, akaniambia ni mapafu yenyewe yalikuwa yamefika mwisho. Nilirudi nikamuuliza tena kwa maneno mengine, akanijibu vilevile.

Sasa nijibu swali lako la jana.

Leo ulipotoka nilizivuta zile batri kutoka chini ya meza nikazibeba moja moja hadi uani na kurudi. Ile ndogo ni kama mkoba wa sokoni. Ile ya kijivu iliniuma bega. Nilizigeuza chini juu nikasoma maandishi madogo, na siku hizi nasoma hayo kwanza. Ya kijivu ina akiba karibu mara tatu, ingawa prizi zake ni chache. Chukua ya kijivu.

Umeniambia kambini kuna kompyuta za kuandika habari za sokwe, kamera, taa, na ile simu moja ya kupigia msaada mtu akivunjika mguu. Kila mtu ataona kompyuta na taa, kwa sababu anazitumia. Simu ya msaada itakaa kimya kwenye begi wiki nzima, na kitu kilichokaa kimya ni rahisi kukichomoa. Anza nayo hiyo. Jua inakula kiasi gani, kiweke kiasi hicho pembeni akilini, na batri ikifika hapo waambie wenzako imekwisha, hata kama kioo kinasema bado. Akiba inayobaki uvigawie vitu vingine kwa saa zake. Paneli ya jua uliyopewa usiitegemee sana. Kibira ni ukungu na miti mirefu, kuna siku haitaijaza hata robo. Na kwa kuwa ni nzito, usimwekee mbebaji mmoja mgongoni kwa kuwa hawezi kukataa. Muibebe kwa zamu, na wewe uwe kwenye zamu.

Mtu atataka kuchemshia chai. Baridi ya kule juu ni kali, na birika la umeme linakunywa kama pasi. Kataa, na umwambie kwa nini, atakuelewa. Kinachonitia hofu ni siku utakayochemsha wewe. Utakuwa umelowa, umechoka, wenzako wamelala, utasema kikombe kimoja. Sikuambii hutafanya, wewe ni binti yangu. Nakuomba tu kwamba ukishafanya, uwaamshe uwaambie, wakati batri bado ina kitu na simu bado inawaka. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo. Kama ningemwambia daktari ukweli pale mwanzo, ningeaibika jioni moja. Nilinyamaza, na aibu imekaa nyumbani kwetu na kula nasi, na wewe ukaondoka mezani mapema kila siku ili usiiangalie.

Hapa niliacha kalamu.

Niliikuta imepoa niliporudi, na sasa naandika kwa taa. Nilipofika kwenye maneno ya juu niliona kwamba nakushauri kitu ambacho mimi sijakifanya. Baba yako alikuwa nje anakaza kamba za begi lako. Nikaenda nikasimama mbele yake nikamwambia yote. Pasi, swichi, zile nguo, lile neno nililomwambia daktari, mama yake kuomba msamaha kwa kosa langu. Sikutaja uchovu wa mtu.

Aliendelea kukaza kamba hadi nilipomaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira juu ya mama yake. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nasra alijua?"

Nikasema, "Alijua. Mi ndo nilimwambia anyamaze."

Ndipo aliposimama. Aliiacha kamba, akavaa kandambili zake, akatoka kwenda msikitini ingawa adhana ilikuwa bado. Sijui atasema nini akirudi. Nimemjua mtu huyu zaidi ya nusu ya maisha yangu na leo sijui. Labda kesho kwenye gari atakuwa kimya njia nzima hadi kituo cha kupandia. Ukiona hivyo usijipe kazi ya kutupatanisha. Wewe shughulika na safari yako. Yaliyo kati yetu mimi na yeye tutayabeba hapa hapa, na kama ni mazito ni haki yake yawe mazito.

Juma nitampigia kesho mkishaondoka. Mama Belyse pia.

Nimesikia umerudi kutoka Kamenge, unaongea na paka. Nitaiweka barua hii ndani ya sweta yako ya kijani, maana najua ndiyo utakayoivaa kwanza kule juu. Sitakuomba unijibu, wala sitakuomba unisamehe kwa simu, kwa sababu utasema "sawa, Mama" kama ulivyosema kwenye baraza, na neno hilo kutoka kwako sitaki kulisikia tena mpaka liwe kweli.

Geti limelia. Ni yeye. Amepita mlangoni kwangu bila kuingia, na sasa anakuita uani, jina lako kamili, polepole, kama alivyokuwa anakuita ulipokuwa umevunja glasi. Umeitika. Mmekaa kwenye ngazi.

Ukiyasoma haya mtakuwa mmeshaongea. Natumaini hukunitetea.

Mama yako.